Nyufa Arobaini na Tatu za Ukumbi wa Chini

3 Machi

Leo nimehesabu nyufa. Ni arobaini na tatu, ukiacha zile nyembamba ambazo hata ukucha hauingii. Kila mmoja nimeutia alama ya chaki nyekundu na namba yake. Nilipomaliza nikasimama katikati ya ukumbi na tochi yangu, nikacheka peke yangu kama mwehu, maana kuta zote zilionekana kama mtoto mwenye surua.

Daftari hili naliandika kwa sababu Padri Roman alisema lazima mtu aandike kila kitakachofanyika, na kanisa zima likageuka kunitazama mimi. Haya. Naitwa Odarka Pylypiuk. Nimeendesha basi la shule hapa Dolyna miaka ishirini na sita, na tangu nistaafu sijapata kazi ya kunichemsha damu hivi.

Kazi yenyewe ni hii. Kanisa letu limekaa juu ya ukumbi wa zege uliochimbwa ardhini. Juu tunasali, chini tunapika, tunafanya karamu za harusi, tunalisha waliotoka kuzika. Kila mwaka theluji ikiyeyuka maji hupenya kuta, na akina mama tunapika tumevaa mabuti ya mpira. Januari jimbo likatuletea barua: maji yakiingia ukumbini tena mwaka huu, kanisa linafungwa, na kaya zetu thelathini na moja zikasali mjini, kilomita sitini. Mkaguzi anakuja baada ya Pasaka. Pasaka ni tarehe 27 Aprili.

Mimi mjini siendi. Nilibatizwa hapa, mume wangu alitokea hapa kwenda makaburini. Tutaziba.

5 Machi

Shemeji Nestor amekuja kutazama. Alimwoa marehemu dada yangu, na maisha yake yote alikuwa akijenga matangi ya samadi kwa wafugaji. Alizunguka ukumbi mikono nyuma, akasema, "Chaki umepaka vizuri." Akaenda zake.

Huyu ndiye aliyenyoosha mkono Januari kukubali tuhamie mjini. Mkono mmoja tu ukumbi mzima, na ni wake. Sijasahau.

8 Machi

Siku ya kwanza ya saruji. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wale wale wa varenyky, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na kila mmoja amekuja na aproni yake kama vile tunakwenda kukanda unga.

Kazi inakwenda hivi. Kwanza unauchonga ufa kwa patasi, uwe mpana kwa ndani kuliko kwa nje, ili kiraka kikishika kisitoke. Unafagia vumbi kwa brashi, unalowanisha zege. Halafu unachanganya saruji ya haraka, kidogo kidogo, kwa sababu ikichanganywa una dakika tatu tu. Unaifinyanga mkononi mpaka uisikie inapata joto ndani ya glavu, hapo unaisukumiza ufani na kuikandamiza kwa kiganja. Ukichelewa umeshika jiwe.

Slavka, ambaye ana ng'ombe mia mbili na sauti ya kuwaita wote kwa pamoja, alishika mawe matano.

"Slavka, unajenga nyumba?" nikamuuliza.

"Dada Odarka, hii saruji yako haina adabu. Haisubiri mtu."

Basi akasogea Mama Teklia. Ana miaka themanini na minne, na katika Dolyna hakuna anayembishia kwa kubana kingo za varenyky. Miaka yote hiyo hajawahi kuchemsha hata kimoja kikafunguka. Akachukua donge, akalisikiliza mkononi, akalitia kwenye ufa namba moja, halafu akapita na vidole viwili kwenye ukingo, bana, bana, bana, mpaka chini.

"Ni unga tu, wanangu," akasema. "Usiufanyie haraka, na usiuache ukuchezee."

Kuanzia hapo ikawa mbio. Tumeziba nyufa sita na kila kiraka kina alama za vidole kama ukingo wa varenyky. Nimerudi nyumbani, na nimefurahi mno hata kula nimeshindwa.

9 Machi

Mgongo.

12 Machi

Nyufa tisa kwa siku moja. Slavka hashiki mawe tena.

15 Machi

Theluji imerudi, baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Tumewasha jiko la ukumbini ili zege lisiwe baridi, tukapika supu ya viazi vitamu vyekundu papo hapo. Nyufa saba.

19 Machi

Nimegombana na Nestor.

Pembeni mwa ukumbi, chini ya ngazi, kuna shimo la pampu, lenye upana wa ndoo mbili. Maji ya chini ya sakafu hukusanyika humo, pampu ikayavuta nje. Yaani hulijui hili shimo mpaka ulione Aprili. Ni kinywa kinachotapika. Mimi nimelipatia namba arobaini na nne.

Nestor akaiona chaki. "Hilo liache."

"Niliache vipi, shemeji? Kila mwaka maji yanaanzia hapo."

"Yanaanzia hapo kwa sababu yamewekewa njia hapo. Yakose njia yatatafuta nyingine."

"Na mkaguzi akikuta dimbwi chini ya ngazi?"

"Akute."

Nilijua. Mtu aliyepiga kura tufungwe, kweli atatuombea tukauke? Nikamwambia maneno hayo hayo, mbele ya watu. Akavaa kofia, akatoka. Slavka akasema, "Dada, umempiga pabaya." Nikasema ndipo nilipokusudia.

20 Machi

Nimeliziba shimo. Pampu nje, kokoto ndani, bamba la chuma juu, na saruji ya haraka ndoo nne. Mama Teklia akabana ukingo wake wote, mzunguko mzima, akiwa amepiga magoti juu ya mto. Sasa sakafu ni tambarare ukuta hadi ukuta. Hata tundu la maji machafu tumelitia kizibo.

Nestor hakuja.

29 Machi

TUMEMALIZA. Arobaini na nne. Padri Roman ameshuka na maji ya baraka, akavinyunyizia viraka kimoja kimoja, na Slavka akamnong'oneza asivilowanishe sana. Tumecheka mpaka Padri mwenyewe ameketi.

Nimelala mchana kutwa na buti miguuni.

6 Aprili

Dhoruba ya theluji siku mbili. Milango haifunguki. Redioni wanasema theluji ya mwaka huu haijawahi kuonekana miaka hamsini, na kule kusini unakotoka Mto Mwekundu imeanza kuyeyuka. Mto wetu unakuja kaskazini, unakutana na barafu ambayo haijavunjika, na maji yanakosa pa kupita. Mwenye akili anajua maana yake.

Mimi nasema uje. Nataka kuona.

14 Aprili

Inayeyuka. Kila paa linadondoka, kila mfereji unanguruma. Nimeshuka ukumbini asubuhi, mchana na jioni, nikapapasa kuta kwa kiganja. Pakavu. Mwaka jana tarehe kama hii tulikuwa tunaokota vijiko vinavyoelea. Nimevua viatu nikatembea na soksi ukumbi mzima, nazo zimebaki kavu. Nimempigia simu Slavka kumwambia habari za soksi zangu. Akaniuliza kama nimekunywa.

17 Aprili

Pakavu.

18 Aprili

Pakavu!

20 Aprili, Jumapili ya Matawi

Mto umevuka kingo zake. Ukisimama mlangoni mwa kanisa, mashamba yote ya mashariki yamekuwa ziwa, na miti ya uzio imebaki vichwa. Baada ya ibada hakuna aliyekwenda nyumbani. Tumejaza viroba vya mchanga, wazee kwa watoto, tukalizungushia kanisa ukuta wa viroba uliofika kifuani. Nestor alikuwepo. Anapanga viroba kwa namna yake, kila kimoja kinakalia viungo vya viwili vya chini, na upande wake hauvuji hata tone. Tumefanya kazi hatua mbili baina yetu, hatujasemeshana.

Pakavu chini.

23 Aprili

Maji yamefika kwenye viroba. Kanisa limekuwa kisiwa, tunakuja kwa boti ya Slavka. Na ndani, chini kabisa, mita mbili na nusu ardhini, akina mama wanachora mayai ya Pasaka kwa nta kwenye meza kavu, juu ya sakafu kavu. Sijawahi kujivuna hivi tangu nizaliwe. Nimetamani mkaguzi aje leo, sasa hivi, na viatu vyake vya ngozi.

Kitu kimoja tu. Yai la Mama Teklia lilianguka bila kuvunjika, likabiringika. Likaenda, likaenda, mpaka ukutani. Akalirudisha katikati akaliachia, likaenda tena, safari hii upande wa pili.

"Sakafu hii haikuwa hivi," akasema.

Nikamwambia ni macho. Nikajiambia na mimi.

24 Aprili

Lazima niandike yote leo, hata kama vidole vimekufa.

Asubuhi saa tatu mlango wa ukumbi ulikataa kufunguka. Tulisukuma watatu. Ulipofunguka niliteremka mbele, na nikaona kwa macho yangu kwamba sakafu imefura. Katikati imeinuka kama mkate uliotiwa chachu, kiasi cha kiganja. Meza zimeegemea kuta. Kiraka hakuna hata kimoja kilichotoka, wala tone la maji hakuna. Lakini kwenye ukuta wa mashariki, kimo cha kifua changu, kulikuwa na ufa mpya. Haukusimama kama zile nyingine. Ulilala, kutoka pembe hadi pembe, na ulikuwa unaongea. Tik. Halafu kimya. Halafu tik.

Slavka akasema nilete saruji. Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha kushika ndoo.

Nikasema, "Niitieni Nestor."

Alikuwa nje kwenye viroba, alifika kabla sijamaliza kupumua. Hakutazama ufa kwanza. Alitazama pembeni, chini ya ngazi, pale palipokuwa na shimo. Akaweka mkono juu ya saruji yetu, akaifuata kwa kidole ile michoro ya Mama Teklia.

"Kazi safi," akasema. "Mmejenga mtumbwi."

"Shemeji, tufanye nini?"

"Mtumbwi kazi yake kuelea. Maji yako chini ya sakafu, yako nyuma ya ukuta, yanasukuma, na ndani hakuna kinachoyarudishia. Ukuta huu utakuja ndani. Ukija, kanisa linakuja nao."

"Tufungue shimo basi. Nalibomoa sasa hivi."

"Lingekuwa wazi tangu mwanzo, sawa. Sasa hivi ukilifungua maji yatatoka na udongo wa chini ya msingi, ukuta ubaki umesimama juu ya pango." Akavua kofia. "Kuna njia moja. Tuujaze ukumbi sisi wenyewe. Maji safi, ya kisima, mpaka kiunoni. Yaegemee ukuta kutoka ndani."

Kila mtu pale alikuwa ameisoma barua ya jimbo. Mwezi mzima nimewapigisha magoti wanawake kumi na wawili ili tone lisiingie, na huyu ananiambia nifungulie bomba.

Nilimwuliza kile nilichokuwa nacho moyoni tangu Januari. "Hiki ndicho ulichokitaka, Nestor? Tufungwe?"

Hakukasirika. Alisema taratibu, kama anayesoma. "Mwaka wa mafuriko makubwa nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba yangu alikuwa na fahari ya nyumba kavu. Alivuta maji kwa pampu siku nne bila kulala, na siku ya tano ukuta ukaingia ndani na nyumba ikakaa juu yake. Mama alikuwa jikoni. Mimi Januari nilinyoosha mkono kwa sababu sitaki kumwona mtu mwingine chini ya ukuta. Sikunyoosha kwa sababu silipendi kanisa."

Miaka thelathini na tano amekuwa shemeji yangu. Nilijua mama yake alikufa mapema. Sikuwahi kumwuliza alikufaje. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikaribia kuwavunja watu miguu yao, si yangu peke yangu.

Tik, ukuta ukasema.

Nikasema, "Kila kitu juu."

Sijaona kazi kama ile. Majiko mawili, sufuria kubwa kumi na moja, meza, viti mia moja na ishirini, magunia ya unga, mayai yote yaliyochorwa, varenyky mia sita vilivyokuwa kwenye friza. Tulisimama kwenye ngazi mkono kwa mkono, na Mama Teklia juu kabisa anahesabu kwa sauti na kututukana tukilegea. Padri Roman alibeba jiko mgongoni na kanzu yake. Dakika hamsini. Slavka alikuwa analia na kuimba kwa wakati mmoja, na nadhani hata mimi. Nilikuwa na hofu, lakini mwili mzima ulikuwa umewaka, kama ile siku breki za basi ziliponikatikia kwenye barafu na watoto arobaini nyuma, nikaliweka salama shambani.

Halafu mpira wa maji ukashushwa, na Nestor akaniwekea mkono kwenye bomba la kisima.

"Fungua wewe, shemeji," akasema. "Mimi hawatanisamehe."

Nimefungua mimi. Maji yameanguka juu ya kiraka namba kumi na saba, kizuri kuliko vyote. Nimesimama hapo mpaka yakafika kifundoni, gotini, kiunoni, saa tano nzima. Yalipofika chini kidogo ya ule ufa uliolala, ukuta ukanyamaza. Tulisikiliza wote. Kimya kabisa.

27 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka. Tumekula juu, kati ya mabenchi, vikapu kwenye madirisha, sufuria inachemka karibu na mlango wa sakristia. Zimekuja boti kumi na nne. Chini yetu, kina cha kiuno, kulikuwa na maji yangu.

28 Aprili

Mkaguzi anakuja Jumatano. Slavka amenivuta pembeni. Ana pampu ya shambani, anasema kwa siku moja na nusu ukumbi unakuwa mtupu, tunapangusa, tunawasha majiko, na hakuna atakayejua.

Nilimwambia angoje. Nimekwenda kumwuliza Nestor. Akasema mto wa nje hauna budi kushuka kwanza, na hata ukishuka, maji ya ndani tuyatoe kimo cha kiganja kimoja na nusu kwa siku, basi. Haraka yoyote, ukuta unakuja.

Nilitembea kwenye viroba huku na huku, viatu vimejaa matope. Halafu nikamwambia Slavka arudishe pampu kwake.

30 Aprili

Mkaguzi ni bwana mdogo, Lubomyr Kosak, kaja kwa boti na viatu virefu vya mpira na macho mekundu ya kukosa usingizi. Ameshuka ngazi mpaka ya tano. Mwanga wa tochi ulipenya maji mpaka sakafuni, ungeweza kuhesabu viraka.

"Ndiyo haya," akasema kwa kuchoka, akatoa karatasi. "Yameingia lini?"

Padri akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Hayajaingia. Nimeyatia mimi, Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi."

"Ulitia maji mwenyewe? Uliisoma barua?"

"Naijua kwa moyo. Nililiziba na shimo la pampu, wakati nimeambiwa nisilizibe. Kosa ni langu. Ukuta ukaanza kuja ndani, nikachagua ukuta. Ukitaka kufunga, funga, lakini andika kwamba kanisa limesimama." Nikachota kwa kikombe, nikanywa mbele yake. Yana ladha ya saruji, lakini ni ya kisima. "Mto haunyweki hivi."

Mkaguzi akaikunja karatasi yake. Kisha akaketi pale pale kwenye ngazi, na viatu vyake vikaingia majini, hakujali.

"Mama, wiki hii nimepita makanisa matano," akasema. "Matatu walivuta maji ili niwakute wakavu. Mawili kati ya hayo hayana ukuta tena. Nani amekwambia ufanye hivi?"

Nikamwonyesha Nestor, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku. Wamezungumza saa nzima. Nimewapelekea varenyky, wakala wakiwa hapo hapo kwenye ngazi.

9 Mei

Kiganja kimoja na nusu. Nestor anapima, mimi naandika.

17 Mei

Ndoo ya mwisho imetoka leo. Sakafu imerudi chini, si yote, katikati imebaki na kitumbo kidogo. Viraka vyote arobaini na tatu vimeshika. Cha arobaini na nne tumekibomoa wenyewe, na Mama Teklia ndiye aliyepiga nyundo ya kwanza.

Jibu la jimbo limefika. Padri Roman alilisoma altareni, mistari mitatu. Kanisa halifungwi. Kuna parokia mbili mashariki zilizobakiwa na kuta na nyufa, wanaomba mwanamke aliyejaza ukumbi wake maji aende kuwafundisha wenzake.

Jumatatu naondoka. Saruji ya haraka magunia sita, patasi, brashi, glavu, na Nestor usukani, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikikaa kiti cha abiria. Nimemwambia kabla sijafungua gunia lolote atembee yeye kwanza ukumbi mzima, polepole, mikono nyuma kama kawaida yake, anionyeshe tundu gani niliache wazi.